Sauti Haipandi Popote: Kazi ya Sitiari katika Kufundisha Muziki

Mwambie mwanafunzi anayeanza gitaa, "Piga uzi wa juu," kisha utazame mkono wake. Mara nyingi kidole gumba kitakwenda kwenye uzi mnene ulio karibu na kidevu, kwa sababu huo ndio ulio juu kwa macho. Mwalimu alikuwa anautaka uzi mwembamba kabisa, ule unaoelekea gotini, kwa sababu huo ndio wenye sauti ya juu. Hakuna aliyekosea. Mwanafunzi amesikia neno la mahali, mwalimu amesema neno la sauti, na katikati yao kuna sitiari ambayo mwalimu ameitumia miaka mingi hata amesahau kwamba ni sitiari.

Nafundisha kuimba, gitaa na piano, na siku haiishi bila kusema kwamba wimbo unatembea, noti inakufa, sauti inang'aa au mdundo unaburuta miguu. Shuleni tulijifunza tashbihi, sitiari, tashihisi na tanakali za sauti kama mapambo ya shairi, vitu vya kutambua na kupigia mstari kwenye mtihani. Katika somo la muziki fani hizo ndizo vyombo vya kazi. Basi zinastahili kuulizwa yale ambayo fundi huuliza kuhusu chombo chake: kinafanya nini hasa, kinashikwaje, na kinaumiza wapi.

Juu ni wapi?

Tuanze na neno "juu" lenyewe. Sauti tunayoiita ya juu ni mtetemo wa kasi zaidi. Ile noti iitwayo la, ambayo wanamuziki wengi hulinganishia ala zao, hutetemeka mara 440 kwa sekunde. La ya oktavu inayofuata, yaani la ileile inapojirudia juu zaidi, hutetemeka mara 880. Kasi imeongezeka maradufu, lakini hakuna kitu kilichopaa. Mpiga sello akitafuta noti za juu huteremsha mkono kuelekea sakafuni. Mpiga trombone huvuta bomba lake kuelekea mdomoni. Kwenye piano mkono huenda kulia, basi. Kimo kipo kwenye karatasi, ambako noti zimepangwa juu ya mistari kama vidato vya ngazi.

Wako ambao hawakuchagua kimo. Wagiriki wa kale waliita sauti za upande mmoja kali na za upande wa pili nzito. Miongoni mwa wapigaji wa Kishona, Zimbabwe, wa mbira, ala ya vibamba vya chuma vinavyopigwa kwa vidole, kumerekodiwa usemi unaoziita sauti za chini mamba, na za juu wanaomfuata mamba. Wasemaji wa Kiajemi husema sauti nene na sauti nyembamba. Kiswahili kina akiba kubwa kuliko nilivyodhani kabla sijaanza kufundisha: tuna sauti ya juu na ya chini, tuna nene na nyembamba, tuna nzito, tuna nyororo, na msemaji huyohuyo huzitumia zote kwa siku moja bila kuona mgongano wowote.

Je, maneno haya yanabadilisha kitu, au ni majina tu? Mwaka 2013 Sarah Dolscheid na wenzake walichapisha jaribio lililowalinganisha wasemaji wa Kiholanzi, ambao lugha yao husema juu na chini, na wasemaji wa Kiajemi. Mtu alisikia noti huku akiona mstari kwenye skrini, kisha akairudia noti ile kwa kuiimba. Mstari ulipokuwa juu kwenye skrini, Waholanzi waliimba juu kidogo kuliko walivyopaswa. Unene wa mstari haukuwagusa. Kwa wasemaji wa Kiajemi mambo yalikuwa kinyume: unene uliwavuta, kimo hakikuwavuta. Kisha Waholanzi wengine walizoezwa kuzungumzia sauti kwa unene na wembamba, na baada ya mazoezi mafupi nao wakaanza kuvutwa na unene. Waliozoezwa mpangilio uliogeuzwa, kwamba chembamba ndiyo sauti ya chini, hawakuvutwa hivyo. Mwaka uliofuata kundi la watafiti akiwemo Dolscheid lilionyesha kwamba watoto wa miezi 4, ambao hawajasema neno hata moja, tayari wanahusisha sauti na kimo na vilevile na unene.

Kwa mwalimu, hili ni jambo kubwa. Maana yake ramani zote mbili zimo ndani ya mwanafunzi tangu mwanzo, na neno la mwalimu ndilo linaloamua ipi iwashwe.

Niliielewa maana hiyo kwa binti mmoja wa miaka 13 aliyekuwa akihangaika na noti moja katika wimbo. Kila akiikaribia, kidevu kilinyanyuka, mabega yakafuata, mishipa ya shingo ikajichora, na mwisho akasimama kwa ncha za vidole. Sauti ilitoka imebanwa, na chini kidogo ya noti yenyewe. Nilikuwa nimemwambia "panda, panda zaidi" kwa wiki mbili. Naye alikuwa mtiifu: alipanda kwa kila kiungo alichokuwa nacho. Siku ile nikamwambia, "Usiende popote. Kaa hapohapo, iache sauti iwe nyembamba, kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano." Kidevu kilishuka chenyewe. Noti ikatoka ndogo, lakini ilikuwa mahali pake, na shingo ilikuwa imetulia. Ukubwa wa sauti tuliujenga baadaye, wiki baada ya wiki.

Neno "nyembamba" lilifanya kazi kwa sababu nzuri. Nyuzi za sauti, zile kunjo mbili ndogo zilizo kooni, hurefuka na kuwa nyembamba kadiri sauti inavyokwenda juu. Mtu akiimba ile la ya 440, zinakutana na kuachana mara 440 kila sekunde. Shingo haina haja ya kurefuka, wala kidevu hakina cha kufuata huko juu. Katika uimbaji, sitiari ya wembamba iko karibu zaidi na ukweli wa mwili kuliko sitiari ya kimo.

Ukweli huo haukuonekana kwa macho hadi mwaka 1854, pale Manuel García, mwalimu wa kuimba, alipotumia vioo na mwanga wa jua kutazama nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi. Mwaka 1855 taarifa yake ilifikishwa kwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Kwa karne nyingi kabla yake waalimu walifundisha kuimba bila kuona kinachoimba. Lililo muhimu ni kwamba hata baada ya kioo kile, waimbaji hawakuacha kuhitaji picha. Kuziona nyuzi hakumpi mtu mpini wa kuzishikia.

Mwili hausikii majina ya misuli

Jaribu kumwagiza mtu anyanyuke kitini kwa kumtajia misuli ya paja, ya nyonga na ya mgongo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kiasi chake cha nguvu. Hatanyanyuka, au atanyanyuka kama mgonjwa. Mwambie kuna mtu mlangoni, ameshasimama. Mwili unaelewa shabaha. Njia ya kufikia shabaha unaijua wenyewe, au unaitafuta wenyewe, mradi usiingiliwe.

Watafiti wa mwendo wa mwili wamelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu. Gabriele Wulf na wenzake, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wameonyesha katika michezo na mazoezi mbalimbali kwamba anayeelekeza mawazo kwenye matokeo ya mwendo wake kwa kawaida hufanya vizuri kuliko anayeyaelekeza kwenye kiungo chenyewe. Mwaka 2011 Robert Duke, Carla Davis Cash na Sarah Allen walilipeleka swali hilo kwenye kinanda. Wanafunzi 16 wa muziki walipiga kipande kifupi cha noti zinazobadilishana, kila mara wakiwa wameambiwa waweke mawazo mahali tofauti: kwenye vidole, kwenye vibonyezo, kwenye nyundo zinazogonga nyuzi ndani ya piano, au kwenye sauti. Usawa wa upigaji kwa jumla ulikuwa bora pale mawazo yalipokuwa mbali na mwili, kwenye kile kinachotokea, na tofauti ilionekana hasa walipopewa kipande kilichobadilishwa kidogo.

Hapo ndipo ninapoona siri ya sitiari katika somo. Taswira nzuri huyatoa mawazo ya mwanafunzi kwenye kidole chake na kuyaweka kwenye kitu kilicho mbele yake. "Bonyeza upinde kwa kidole cha shahada" humrudisha mwanafunzi wa fidla kwenye kidole, na kidole kikijua kinatazamwa hukakamaa. "Acha upinde uzame kwenye uzi kama mtu anayejilaza kwenye godoro" humpa kitu cha kukitazamia. Uzito wa mkono unafuata, na kidole kinafanya kazi yake bila hofu.

Faida ya pili ni kwamba picha moja hubeba maagizo mengi kwa mara moja. Chukua agizo lililozoeleka kuliko yote kwenye piano: "iimbishe". Kwa hakika piano haiimbi. Nyundo ikishagonga uzi huachia mara moja, na tangu hapo sauti inafifia. Hakuna kidole kinachoweza kuikuza tena. Mwimbaji anaweza kuianza noti kwa upole na kuijaza ikiwa njiani. Mpiga piano hawezi. Hata hivyo agizo linafanya kazi, tena linafanya kazi ajabu. Mwanafunzi anayewazia kuimba huiingiza noti ya pili kwa nguvu ileile ambayo noti ya kwanza imebaki nayo, na sikio linasadiki kwamba ni mstari mmoja. Hukiachia kibonyezo cha kwanza kwa kuchelewa nukta kidogo tu. Huongeza uzito kuelekea kilele cha sentensi ya wimbo na kuupunguza mwishoni. Huacha upenyo mdogo mahali ambapo mwimbaji angevuta pumzi. Ningeyatoa maagizo hayo moja moja, somo lote lingekwisha kabla hatujafika noti ya tano. Chopin, mtunzi na mpiga piano wa karne ya 19, alikuwa akiwahimiza wanafunzi wake wa piano wawasikilize waimbaji wakubwa, hata wajifunze kuimba wenyewe, na sidhani alikuwa anawapa burudani ya pembeni.

Maneno mengi ya Kiitaliano tunayoyakariri kama istilahi yalianza hivihivi, yakiwa picha. Legato ni kilichofungwa pamoja. Andante inatokana na kwenda, kutembea. Largo ni pana. Morendo ni kufa taratibu. Yamekaririwa na kukaririwa hadi picha imefutika, na mwanafunzi anabaki na tafsiri ya kamusi kama "kasi ya wastani". Huwa namrudishia picha: nampa andante atembee nayo chumbani mara tatu, huku anaimba, kabla hajakaa kwenye ala.

Rubato, ile hiari ya kuchelewesha na kuharakisha noti kidogo, maana yake kilichoibwa. Mwanafunzi akiambiwa aibe muda, kawaida huiba na kukimbia, na wimbo wote unayumba. Wanafunzi wa Chopin wamesimulia kwamba kwake mkono wa kushoto ulikuwa kiongozi wa kwaya, usiotikisika, na mkono wa kulia ndio uliopewa uhuru. Liszt, mpiga piano mwenzake, naye anasimuliwa kuwa alieleza rubato ya Chopin kwa kuonyesha miti: upepo unacheza na majani, mti unabaki palepale. Picha zote mbili zinatibu ugonjwa mmoja, lakini si kwa mgonjwa mmoja. Kwa mwanafunzi ambaye mikono yake miwili haijajifunza kutengana, kiongozi wa kwaya humsaidia zaidi, kwa kuwa humpa kila mkono cheo chake. Mti nauhifadhi kwa yule ambaye mkono wa kushoto umeshatulia na wa kulia bado unaogopa kusogea.

Ndo ndo ndo, si chururu

Methali hiyo tumeisikia wote: ndo! ndo! ndo! si chururu. Matone si mtiririko. Siku moja nilikuwa nimehangaika kumweleza mtoto tofauti ya staccato na legato kwa maneno yote niliyonayo, kukatakata na kuunganisha, kuruka na kuteleza, na bado noti zake zilikuwa kitu cha katikati kisicho hiki wala kile. Methali ikanijia. Nikamwambia, "Mstari huu ni ndo ndo ndo. Huu wa pili ni chururu." Akatabasamu, akapiga. Tofauti ilikuwa wazi kwa sikio la mtu yeyote aliyekuwa chumbani.

Tanakali za sauti zina nguvu ambayo tashbihi haina. Tashbihi humtaka mwanafunzi afikirie kitu, kisha akifananishe. Tanakali ni sauti tayari. "Ndo" ina mwanzo wa ghafla na mwisho wa karibu; "chururu" haina mahali pa kukatwa, ulimi unajipindapinda bila kusimama. Mdomo umeshaipiga staccato kabla ya kidole. Na sisi tuna hazina yake: mzigo huanguka pu, jiwe huingia majini tubwi, mahali hunyamaza jii, mtu hukaa tuli. "Jii" nimeitumia kufundisha kimya cha katikati ya wimbo, kile ambacho wanaoanza hukidharau na kukiruka. Ukiwaambia wahesabu mapigo mawili ya kimya, wanahesabu kwa haraka wapate kuendelea. Ukiwaambia "hapa ni jii", wanakisikiliza.

Waalimu wa zamani na wa mbali waliijua njia hii. Johann Joachim Quantz, katika mafunzo yake ya filimbi ya mwaka 1752, aliwapa wapigaji silabi za kutamka ndani ya ala: ti kwa mwanzo mkali, di kwa mwanzo laini. Wapiga tarumbeta wa leo bado wanafundishwa kwa ta na da. Nchini India, mapigo ya ngoma ya tabla yana majina yake, dha, tin, na, na mengine. Jina la jumla la silabi hizo, bol, linatokana na neno la kusema. Mwanafunzi huyasema mapigo kwanza, kwa kasi na kwa mahadhi, na mkono hufuata ulimi.

Pumzi haiendi tumboni

Sasa upande unaoumiza. Sitiari ikisemwa kama ukweli wa mwili, mwanafunzi mtiifu ataitekeleza kama ilivyo, na mwili wake utalipa.

"Vuta pumzi tumboni." Kila mwalimu wa kwaya amelisema hili, nami nimelisema. Hewa haiendi tumboni. Inaingia mapafuni, haina kwingine. Kinachotokea ni kwamba kiwambo, ule msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo, kinapojikaza hushuka, mapafu yanapata nafasi, na viungo vya tumbo vinasukumwa chini na mbele. Tumbo hutokeza kwa sababu pumzi imeingia. Lakini sentensi yetu imegeuza matokeo kuwa agizo. Nilikuwa na kijana aliyekuwa akilisukuma tumbo nje kwa misuli, limekaza kama ngoma, na kifuani hakuna kitu. Sauti ilimwishia kwenye pigo la nne kila mara. Nikamuuliza, "Umevuta pumzi?" Akanijibu kwa adabu, "Ndiyo mwalimu, tumbo limejaa." Hakuwa na kosa. Alifanya nilichomwambia.

Tulianza upya. Nilimchorea mapafu na kiwambo kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lake, kisha nikamwomba aweke viganja kwenye mbavu za chini, pembeni, na avute hewa kwa pua kama mtu aliyefungua mlango akakutana na harufu nzuri. Mbavu zikatanuka chini ya viganja. Tumbo likatokeza lenyewe. Taswira ilikuwa ya uongo uleule, kwani hapakuwa na harufu yoyote, ila uongo huu ulimfanya avute hewa kweli.

"Imba kwa kiwambo" ina kasoro inayofanana. Kiwambo ni msuli wa kuvutia hewa ndani. Wakati wa kuimba, hewa inapotoka, kiwambo kinalegea taratibu, na kazi kubwa ya kuipima hewa hiyo hufanywa kwa misuli ya tumbo na ile ya kati ya mbavu. Tena mtu hahisi kiwambo chake moja kwa moja kama anavyohisi ngumi yake. Anayeagizwa kuimba kwa kiwambo hutafuta mahali pa kukaza, na atakapopapata si pale. "Fungua koo" huzaa ulimi uliosukumwa nyuma. "Leta sauti mbele" huzaa kidevu kilichotangulia mbele. Haya yote yana maana nzuri kwa mtu aliyekwisha kuhisi linalosemwa. Kwa asiyehisi bado, ni maelekezo ya njia yaliyotolewa na mtu aliyefika, akitaja alama zinazoonekana ukiwa upande wa pili tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nimeufikia kwa kuwachosha watoto wa watu: mwalimu anayetumia taswira ya mwili ni lazima aujue mwili. Anaweza kuchagua kutousema ukweli siku hiyo, kwa kuwa taswira inatosha. Lakini aujue, apate kutambua taswira inapoanza kutekelezwa neno kwa neno, aiondoe mara moja. Watoto wadogo huyachukua maneno kama yalivyo, na wako wakubwa pia ambao akili zao hupenda neno lisimame mahali pake pa kawaida. Kwa hao, kuonyesha kwa mkono, au kuimba mwenyewe wakasikia, hufaa kuliko picha kumi. Na picha isiyomo katika maisha ya mwanafunzi haina kazi: kumwambia apige kama theluji inavyotua, naye hajawahi kuiona theluji, ni kumwongezea noti nyingine asiyoijua.

Huzuni ya nani?

Kuna maneno ambayo huonekana kama taswira lakini hayaonyeshi kitu. "Piga kwa hisia." "Weka roho." "Hapa pawe na huzuni." Mwanafunzi hufumba macho, hutikisa kichwa, na sauti hubaki ilivyokuwa.

Si kwamba hisia hazina alama katika sauti. Zinazo, na zinapimika. Mwaka 2003 Patrik Juslin na Petri Laukka walikusanya tafiti 104 za hisia katika sauti ya usemi na 41 za hisia katika upigaji wa muziki, wakakuta alama zinafanana sana. Huzuni, kwa msemaji na kwa mpigaji, huwa ya polepole, ya sauti ndogo, isiyo na ukali. Furaha huenda kwa kasi na kwa mwanga. Tunaitambua huzuni katika wimbo kwa kiasi fulani kwa sababu tumeshaisikia katika midomo ya watu.

Basi nikihitaji huzuni huwa nauliza: ni huzuni ya nani? Ya mtu aliyelia jana hadi akaishiwa machozi, au ya mtu anayejizuia asilie sasa hivi mbele ya wageni? Mwanafunzi akinijibu, tayari ana kitu mkononi. Yule wa kwanza hana nguvu; noti zake zinaanguka mwisho wa sentensi na hakuna anayeziokota. Yule wa pili ana mdundo ulionyooka kupita kiasi, noti ndefu zinazoshikiliwa, na mahali pamoja tu ambapo sauti inataka kumponyoka. Ni noti zilezile kwenye karatasi. Baada ya hapo nauliza swali la pili, ambalo bila hilo la kwanza linabaki hadithi: "Sasa mkono unafanya nini tofauti?" Hapo ndipo taswira inashuka kutoka kichwani na kuingia kwenye kasi, nguvu, mwanzo wa noti na mwisho wake.

Aliyelifanya jambo hili kwa utaratibu mkubwa kuliko wote ninaowajua ni John Curwen wa Uingereza, aliyeieneza solfa ya herufi katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover. Wengi wetu tumeimba do re mi fa so la ti bila kuambiwa kwamba Curwen alimpa kila mmoja tabia yake. Do ni imara. Re inaamsha, ina matumaini. Mi imetulia. Fa ina ukiwa, inatisha kidogo. So ni angavu na ya fahari. La ina kilio. Ti ni kali, inatoboa. Hii ni tashihisi kamili, saba wakipewa nyuso, na mwanafunzi aliyezijua nyuso hizo huitambua noti ndani ya wimbo jinsi anavyomtambua ndugu yake kwa nyayo kabla hajaingia. Imba ngazi yote taratibu, usimame kwenye ti, unyamaze. Darasani daima yuko mmoja atakayeimalizia do chini ya pumzi, hawezi kuvumilia. Nikiwaambia "ti anataka kurudi nyumbani" sijawafundisha kitu kipya. Nimelipa jina lile lililowasumbua.

Curwen mwenyewe alitahadharisha kwamba tabia hizo husikika noti zikiimbwa polepole, sikio likiwa limeshajaa ufunguo wa wimbo, na kwamba noti zinazoimbwa pamoja nazo huzibadilisha. Tahadhari hiyo naipenda kama ninavyoipenda sitiari yenyewe. Fa haina ukiwa peke yake. Ina ukiwa kwa sababu ya majirani zake.

Taswira ya mwanafunzi

Miaka ya mwanzo nilikuwa natembea na mfuko wa taswira zangu, nikijivunia zile zilizofanya kazi. Sasa mara nyingi zaidi huuliza. Mwanafunzi akipiga vizuri kwa bahati, kabla hajasahau, namuuliza, "Hiyo ilikuwa kama nini?" Anachojibu nakiandika juu ya noti zake kwa penseli, kwa maneno yake, hata kama mimi sikielewi. Neno lake litamrudisha pale upesi kuliko langu.

Nina mwanafunzi mtu mzima, baba wa mtoto mchanga, aliyeanza piano akiwa na miaka zaidi ya thelathini. Alikuwa na kipande kifupi kinachoishia kwa kodi moja, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ya taratibu, na kila alipofika pale aliikata. Mkono uliruka kama umegusa jiko. Nilimwambia "laini". Nilimwambia "usikate". Nilimweleza kwamba ndani ya piano kuna vizuizi vya sufi iliyoshindiliwa vinavyotua juu ya nyuzi kuzinyamazisha, na kwamba kibonyezo kikiachiwa polepole navyo hutua polepole. Alielewa yote, na wiki tatu zikapita.

Siku moja akaipiga, sauti ikaisha yenyewe bila mtu kujua imeisha lini. Nikamuuliza ilikuwa kama nini. Akafikiri, akasema, "Mwalimu, ni kama kumlaza mtoto aliyesinzia begani. Akishagusa godoro huondoi mkono. Unauacha chini ya kichwa kidogo. Halafu unauvuta, lakini unauvuta kama huuvuti."

Niliyaandika maneno hayo juu ya kodi ya mwisho. Wiki iliyofuata alikaa, akatazama penseli ile, na kabla ya kugusa kibonyezo chochote nikaona mkono wake wa kushoto umejikunja kidogo, kiganja juu, kana kwamba una uzito ndani yake. Akaugeuza taratibu, akaanza kupiga.